Lishe ya Samaki Wazazi na Uhai wa Viinitete: Mwongozo kwa Wafugaji wa Rukoki

Ufugaji wa samaki katika Rukoki, kama ilivyo katika maeneo mengine ya wilaya ya Kasese yaliyo kati ya milima ya Rwenzori na maziwa ya George na Edward, hutegemea kwanza upatikanaji wa vifaranga wenye afya, na vifaranga hao hutegemea kipindi kifupi ambacho wafugaji wengi hawakitazami kwa makini. Hicho ni kipindi cha saa au siku chache ambapo kiinitete, yaani samaki mchanga anayeumbika ndani ya yai, ama huendelea kukua hadi akaanguliwa, ama hufa na yai likageuka jeupe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutumia lishe ya ziada ili viinitete vingi zaidi vya ngege, ambaye Tanzania huitwa sato, na vya kambare, ambaye Uganda hujulikana pia kwa jina la male, vivuke kipindi hicho. Hoja yake kuu ni kwamba kiinitete hakilishwi na mfugaji bali hulishwa na mama yake, kwa akiba iliyowekwa ndani ya yai wiki nyingi kabla yai halijatagwa. Kwa hiyo virutubisho vinavyofikiriwa baada ya mayai kutoka huwa vimechelewa.

Namna chakula cha mama kinavyofika ndani ya yai

Samaki jike anapoanza kukomaa, homoni ya kike iitwayo estrojeni huchochea ini lake kutengeneza protini maalumu inayoitwa vitelojenini, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye ovari na huko hugawanywa na kuhifadhiwa kuwa kiini cha yai, yaani ile sehemu yenye rangi ya manjano au kijani ambayo ndiyo akiba ya chakula cha kiinitete. Protini hiyo haisafiri peke yake, kwa kuwa hubeba mafuta, fosforasi, kalsiamu na madini mengine, na pamoja nayo huingia vitamini na rangi za asili ambazo mama alizipata katika chakula. Yai likishatagwa, mlango huo umefungwa: kiinitete hupata oksijeni na maji kutoka nje, lakini karibu chakula chake chote kimo ndani ya yai tangu mwanzo.

Ukubwa wa mzigo huu unaonekana wazi kwa kambare. Ovari za jike aliyekomaa vizuri zinaweza kufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mwili wake, na gramu moja ya mayai huwa na mayai yapatayo 600 hadi 700. Hivyo jike wa gramu 500 aliyebeba gramu 75 za mayai anakuwa amegawa akiba ya mwili wake kwa mayai kati ya 45,000 na 52,500. Ngege hutaga mayai machache zaidi, lakini jike wake huyaatamia mdomoni, na katika siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa, kisha baada ya wiki chache anaweza kutaga tena. Jike wa namna hii asipopewa nafasi na chakula cha kurudisha akiba yake, mayai yake yanayofuata huundwa kutokana na mwili uliokwisha kuchoka, na upungufu huo huonekana katika viinitete kabla haujaonekana kwa mama mwenyewe.

Mambo yanayotangulia virutubisho

Hakuna kirutubisho kinachoweza kuponya maji mabaya, na mfugaji anayenunua vitamini kabla ya kuchunguza maji yake hupoteza fedha. Jambo la kwanza ni joto. Mji wa Kasese na Rukoki viko katika bonde lenye joto, lakini mito inayoshuka kutoka Rwenzori, kama vile Mubuku na Nyamwamba, huleta maji ya baridi, na maji hayo yakiingizwa moja kwa moja katika vyombo vya kutotoleshea hubadilisha mwendo wote wa ukuaji. Mayai ya kambare huanguliwa baada ya saa 57 hivi katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, saa 27 katika nyuzi 25, na saa 22 katika nyuzi 28. Kadiri yai linavyokaa muda mrefu bila kuanguliwa, ndivyo kuvu wa majini wanavyopata nafasi ya kuenea kutoka kwenye mayai yaliyokufa hadi kwenye yaliyo hai. Kwa sababu hiyo maji yatulizwe kwanza katika tangi au kidimbwi hadi yapate joto, na kipimajoto kiwe chombo cha kwanza kununuliwa.

Jambo la pili ni madini yenye sumu. Shaba ilichimbwa Kilembe tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki ya machimbo hayo, yenye shaba na kobalti, yangali katika bonde la mto Nyamwamba, ambao hufurika na kusomba kila kilicho kando yake, kama ulivyofanya Mei 2013 na Mei 2020. Shaba iliyoyeyuka majini huwadhuru samaki hata ikiwa kidogo, na walio katika hatua za mwanzo za uhai ndio huumia zaidi. Mfugaji anayechota maji katika mto huo, au anayechimba bwawa katika udongo ulioletwa na mafuriko yake, apeleke sampuli ya maji maabara kabla ya kuanza utotoleshaji, na akiweza atumie chemchemi au kijito kisichopita penye mabaki hayo.

Jambo la tatu ni ukoo na mpangilio wa uzazi. Ndugu wa tumbo moja wanaozalishwa wao kwa wao kizazi baada ya kizazi hutoa viinitete dhaifu, na udhaifu huo hauondolewi na vitamini. Kadhalika, kambare aliyechomwa homoni au majimaji ya tezi ya pituitari, ambayo ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hukamuliwa mayai kwa wakati wake, takriban saa 11 baadaye katika maji ya nyuzi 25. Akicheleweshwa sana mayai hupitiliza ukomavu na kupoteza uwezo wa kutungishwa. Mambo haya yakishawekwa sawa, hapo ndipo lishe inapoweza kuonyesha kazi yake.

Virutubisho vyenye uzito

Msingi wa yote ni protini, kwa sababu kiini cha yai ni protini kabla ya kuwa kitu kingine. Chakula cha ngege wazazi kinafaa kuwa na protini ya asilimia 35 hadi 40, na majaribio yaliyofanywa Misri mwanzoni mwa miaka ya 2000 juu ya ngege wa Nile yalionyesha kwamba waliolishwa asilimia 40 walizaa vizuri zaidi kuliko waliolishwa kiwango cha chini. Pumba za mahindi peke yake, ambazo zina protini ya asilimia 10 hivi, huwaweka samaki hai na huenda zikawanenepesha, lakini haziwezi kujaza mayai yao.

Kirutubisho cha ziada kinachostahili kutangulia vingine ni vitamini C. Samaki wengi wenye mifupa, wakiwamo ngege na kambare, hawawezi kuitengeneza miilini mwao, na ndiyo inayohitajika kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha ngozi, gegedu na mifupa ya kiinitete kinapoanza kupata umbo. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walichapisha matokeo ya jaribio juu ya perege wa Msumbiji, ambaye ni wa jamii ya ngege, na katika jaribio hilo majike waliopewa miligramu 1,250 za vitamini C katika kila kilo ya chakula walitoa mayai yaliyoanguliwa kwa wingi zaidi na vifaranga waliosalimika zaidi kuliko wa majike walionyimwa. Madume nao wasisahauliwe, kwa kuwa vitamini hiyo huzilinda mbegu zao za kiume, na yai lenye akiba kamili haliwi kiinitete iwapo mbegu iliyolifikia imeharibika.

Hapa pana kosa linalowagharimu wafugaji wengi. Mchanganyiko wa vitamini na madini, unaojulikana madukani kwa jina la premiksi, mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya kuku, na kwa kuwa kuku hujitengenezea vitamini C mwilini, premiksi nyingi za kuku hazina vitamini hiyo kabisa. Mfugaji anayechanganya premiksi ya kuku wa mayai katika chakula cha samaki huamini kuwa amekamilisha lishe, kumbe kitu kinachohitajika kuliko vyote hakimo. Asome kibandiko, na asipoiona vitamini C, au askobiki, katika orodha ya viambato, ainunue peke yake. Aina ya kawaida huharibiwa upesi na joto, unyevu na hewa. Aina iliyofungamanishwa na fosfati hudumu zaidi, na ndiyo ifaayo kwa chakula kitakachokaa kwa siku kadhaa.

Vitamini E na mafuta huzungumzwa pamoja kwa sababu kazi zao zimefungamana. Utando wa kila chembe ya kiinitete, pamoja na macho na ubongo wake, hujengwa kwa asidi za mafuta ambazo samaki lazima azipate katika chakula, nazo zimegawanyika katika makundi mawili: omega-3, inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya samaki, na omega-6, inayopatikana kwa wingi katika soya na alizeti. Asidi hizi huoza upesi zinapokutana na hewa, na vitamini E ndiyo inayozilinda, ndani ya chakula na ndani ya yai vilevile. Kiasi cha miligramu 100 hadi 200 za vitamini E kwa kilo ya chakula ni makadirio yanayofaa kwa samaki wazazi.

Katika kuchagua mafuta, ngege hutoa somo linalopingana na dhana ya wengi. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 1993 uliwalinganisha ngege wa Nile waliolishwa mafuta ya aina mbalimbali, ukaonyesha kwamba mafuta ya ini la samaki aitwaye kodi yaliwakuza sana lakini yakapunguza uzazi wao, ilhali mafuta ya soya yaliwapa vifaranga wengi zaidi. Kwa ngege wa maji baridi, kwa hiyo, hakuna haja ya kununua mafuta ya samaki kwa bei kubwa, maana soya iliyokaangwa pamoja na dagaa kiasi hutosha. Kambare hufaidika na mchanganyiko wa makundi yote mawili, na dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Uganda huitwa mukene, huleta omega-3 pamoja na protini.

Madini madogomadogo, hasa zinki, manganizi, seleni na iodini, huhitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini upungufu wake huvuruga mifupa na kupunguza uanguaji. Nafaka na mbegu zina fitati, ambayo ni namna mimea inavyohifadhi fosforasi, na fitati hushika zinki na kuizuia isifyonzwe na matumbo ya samaki. Kwa hiyo kadiri chakula kinavyoegemea mimea, ndivyo premiksi yenye madini inavyohitajika zaidi. Mboga za kijani kama dodo, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, huongeza rangi za asili ambazo samaki huzihifadhi katika mayai, na vinaweza kutolewa kama nyongeza ya chakula kikuu, si badala yake.

Thiamini, ambayo ni vitamini B1, inastahili kutajwa kwa sababu historia yake imethibitisha kuliko nyingine jinsi upungufu wa mama unavyomuua mtoto. Tangu mwaka 1974 vituo vya kutotoleshea samoni wa Bahari ya Baltiki vilishuhudia vifaranga wakifa kwa wingi wakingali na kifuko cha kiini tumboni, na katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba mayai yao yalikuwa na upungufu wa thiamini. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ugonjwa kama huo ulihusishwa na samaki wadogo walioliwa na mama, ambao miili yao ina kimeng'enya kinachovunja vitamini hiyo. Kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Fundisho kwa Rukoki ni la moja kwa moja: matumbo na mabaki ya samaki yanayopatikana katika mialo ya Katwe, Kayanja au Hamukungu yasitolewe mabichi kwa samaki wazazi, bali yachemshwe vizuri kwanza, jambo ambalo pia huua vimelea.

Vitu vinavyoharibu

Kuongeza kizuri hakuna maana iwapo kibaya kimeachwa katika chakula kilekile. Kasese ni wilaya ya pamba, ambako Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi kimehusika kwa miaka mingi na zao hilo, na mashudu ya pamba ni rahisi kuyapata na yana protini nyingi. Lakini mbegu za pamba zina gosipoli, sumu ya asili inayojulikana kwa kudhoofisha uzazi wa wanyama wa kiume na wa kike. Mashudu hayo yanaweza kutumika kwa kiasi katika chakula cha samaki wanaokuzwa kwa ajili ya kuuzwa. Katika chakula cha samaki wazazi yasiwekwe.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, hasa aflatoksini, ambayo hushambulia ini, na ini ndilo linalotengeneza akiba ya yai kama ilivyoelezwa hapo juu. Nafaka yenye harufu ya uvundo isiingie katika chakula hiki hata kama kuku wameila bila dalili. Dagaa walioanikwa mchangani huwa na mchanga unaoongeza uzito bila lishe, na walioanza kunuka mafuta yaliyooza huimaliza vitamini E badala ya kuleta faida. Katika soko la mpakani la Mpondwe, karibu na Bwera, ambako samaki wakavu hununuliwa kwa magunia, mnunuzi afungue gunia, anuse, na kusugua dagaa wachache mkononi kabla ya kulipa. Soya mbichi nayo ina vizuizi vinavyozuia umeng'enyaji wa protini, kwa hiyo ikaangwe hadi ibadilike rangi na kutoa harufu nzuri.

Dawa za mitishamba zitazamwe kwa uangalifu uleule. Mbegu za papai zimefanyiwa majaribio nchini Nigeria kama njia ya kupunguza uzazi wa madume wa ngege, kwa hiyo anayewapa samaki wazazi mbegu hizo kwa nia ya kuwatibu minyoo anaweza kuwa anaharibu kile anachokitafuta. Tena kirutubisho chenyewe kikizidi hugeuka sumu. Katika ziwa Belews, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, seleni kutoka katika majivu ya makaa ya mawe iliingia katika miili ya samaki tangu miaka ya 1970, mama wakaipitisha ndani ya mayai, vifaranga wakazaliwa na vilema, na jamii nyingi za samaki zikatoweka ziwani humo. Kwa hiyo seleni na vitamini A zisiongezwe peke yake kwa kukisia. Kiasi kilichomo katika premiksi, kikitumiwa kama kibandiko kinavyoagiza, kinatosha.

Utaratibu wa wiki nane

Kwa kuwa mayai hujazwa polepole, lishe ya ziada ianze wiki nane kabla ya tarehe inayokusudiwa ya kuzalisha, na kwa ngege wanaotaga mara kwa mara iendelee kwa msimu wote. Hatua zake ni hizi:

1. Mfugaji achague samaki wazazi wenye umbo zuri kutoka mabwawa au vituo tofauti ili kuepuka undugu, awatenge majike na madume, na awapime uzito. Kwa ngege, dume mmoja kwa majike wawili au watatu ni uwiano unaotosha wakati wa kuzalisha.

2. Ahesabu chakula cha kipindi chote. Ngege 60 wenye wastani wa gramu 250 wana uzito wa jumla wa kilo 15. Wakipewa asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, watakula gramu 300 kila siku, na kwa siku 56 watakula takriban kilo 17. Hesabu hii inaonyesha kwamba chakula bora cha wazazi ni sehemu ndogo sana ya chakula cha shamba zima, na kwamba kukibania ndiko kunakoleta hasara.

3. Akiweza kununua chakula cha viwandani chenye protini ya asilimia 35 au zaidi, akitumie kama msingi. Asipokipata, mchanganyiko wa kilo 10 unaweza kutengenezwa kwa kilo 4 za dagaa safi waliosagwa, kilo 3 za soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 2.2 za pumba za mahindi zisizo na ukungu, kilo 0.7 za unga wa muhogo wa kushikamanisha, na kilo 0.1 ya premiksi iwapo kibandiko chake kinaagiza asilimia 1. Mchanganyiko huo huwa na protini ya asilimia 36 hivi. Muhogo upikwe uwe uji mzito, viambato vingine vichanganywe humo, na premiksi iingizwe uji ukishapoa.

4. Aongeze vitamini C kwa kiwango cha miligramu 500 kwa kilo ya chakula. Kilo 10 zinahitaji gramu 5 za vitamini yenyewe; lakini iwapo bidhaa ni ya fosfati yenye vitamini hai ya asilimia 35, zitahitajika gramu 14.3 za unga huo, kwa kuwa 5 ikigawanywa kwa 0.35 hutoa 14.3. Kwa chakula cha viwandani, unga huo uyeyushwe katika maji kidogo, unyunyizwe juu ya vidonge vya chakula huku vikigeuzwa, kisha vipakwe vijiko vichache vya mafuta ya soya au alizeti ambamo vitamini E imeyeyushwa, ili mafuta yazuie vitamini C isiyeyuke majini.

5. Chakula kikaushwe kivulini penye upepo, kamwe si juani, kihifadhiwe katika chombo kinachofungwa vizuri mahali pa baridi, na kitengenezwe kidogokidogo, kiasi cha kutumika ndani ya wiki moja au mbili.

6. Samaki walishwe mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na mlishaji aangalie kama wanamaliza. Jike aliyenenepa kupita kiasi hujaza mafuta tumboni badala ya mayai, na chakula kinachobaki huchafua maji na kumaliza oksijeni. Jike wa kambare aliyekamuliwa apumzishwe wiki sita hadi nane kwa lishe hii kabla ya kukamuliwa tena.

Kupima matokeo

Mfugaji asiyehesabu hawezi kujua kama fedha yake imefanya kazi, na muuzaji wa virutubisho hatamhesabia. Njia ya hakika ni kuwagawa samaki wazazi wa umri na asili moja katika makundi mawili, yote katika maji yanayofanana na chakula cha msingi kilekile, ila kundi moja tu lipewe nyongeza. Katika kila utagaji yachukuliwe mayai 200 na kuwekwa katika bakuli au kichujio chake, na daftari lionyeshe tarehe, joto, jike, na namba tatu: mayai yaliyotungishwa, yaliyoanguliwa, na vifaranga wazima waliobaki kiini kilipokwisha. Hatua hiyo ya mwisho hufika siku ya tatu hivi baada ya kuanguliwa kwa kambare, na baada ya wiki moja au zaidi kwa ngege. Mfano ni huu: iwapo kati ya mayai 200 yametungishwa 160 na kuanguliwa 120, utungishaji ni asilimia 80, na uanguaji ni asilimia 75 ya yaliyotungishwa. Namba hizi mbili zisichanganywe, kwa kuwa zinaelekeza kwenye sababu tofauti.

Wakati wa kifo nao husaidia kutafuta sababu. Mayai yanayogeuka meupe katika saa za mwanzo huashiria mbegu dhaifu, mayai yaliyopitiliza ukomavu au makosa ya utungishaji. Yanayokufa katikati, yakifunikwa na nyuzi kama pamba, huashiria kuvu, uchafu au upungufu wa oksijeni. Viinitete vinavyofika mwisho lakini vikashindwa kutoka, pamoja na vifaranga wanaotoka na mgongo uliopinda au wanaolala chini bila nguvu huku kiini kikiwa hakijaisha, ndio wanaofanya lishe ya mama itiliwe shaka kwanza, ingawa joto lisilofaa na undugu huweza kuleta dalili zilezile na ni lazima viondolewe katika hesabu kabla ya kutoa hukumu.

Utagaji mmoja mmoja hautoshi kwa ulinganisho. Majike hutofautiana sana, na ikiwa kundi lisilo na nyongeza limetoa uanguaji wa asilimia 55, 62 na 70, ilhali lenye nyongeza limetoa 60, 66 na 68, hakuna jambo lililothibitishwa. Lakini likitoa 78, 81 na 84 katika maji na joto lilelile, mfugaji ana sababu ya kuendelea na gharama hiyo. Matokeo hayo yapelekwe kwa ofisa uvuvi katika makao makuu ya wilaya yaliyoko Rukoki, na panapohitajika ushauri wa kina, kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, kilicho kati ya Kampala na Entebbe, ndicho chenye jukumu hilo nchini Uganda.

Uamuzi wa mfugaji

Mwenye fedha kidogo afuate mpangilio huu bila kuruka hatua: maji na joto kwanza, protini safi isiyo na ukungu wala mashudu ya pamba ifuate, vitamini C iwe nyongeza ya kwanza kununuliwa, vitamini E na premiksi yenye madini zifuate, na mafuta ya samaki yaje mwisho, au yaachwe kabisa kwa wafugao ngege. Anunue kwa muuzaji anayeonyesha tarehe ya mwisho ya matumizi, akatae vifurushi visivyo na orodha ya viambato, na asiamini bidhaa inayodai kuongeza uhai wa mayai inapomwagwa majini, kwa maana kiinitete cha ngege au cha kambare hakihitaji kulishwa hadi kiini chake kinapokaribia kwisha. Wafugaji wadogo wa Rukoki, Bwera na Mubuku wanaweza kununua premiksi na vitamini kwa pamoja na kugawana kwa uzito, kwa kuwa kila mmoja anahitaji gramu chache tu na kifurushi kilichofunguliwa hupoteza nguvu kila siku. Wakifanya hivyo, na kila mmoja akatunza daftari lake, watakuwa na ushahidi wao wenyewe, uliopatikana katika maji yao wenyewe, na ushahidi huo ndio utakaowaongoza msimu baada ya msimu kuliko tangazo lolote la dukani.